Waimbaji Waliorudi Mashambani

Somo la wiki: Makuhani, Walawi na muziki katika ibada ya Israeli

Ya kusoma nyumbani: Hesabu 4 na 18, 1 Mambo ya Nyakati 13, 15, 23 na 25, 2 Mambo ya Nyakati 29, Nehemia 12:44 hadi 13:14

 

Somo hili nililitoa kwenye ibada ya pili Jumapili iliyopita, na mchungaji ameniomba niliandike ili hata wale waliokuwa zamu kiwandani walisome. Kichwa chake ni makuhani na waimbaji wa Israeli, lakini siwezi kulifundisha bila kwanza kukiri kosa langu. Wengi wenu mlikuwepo nilipolifanya.

Mnajua mimi ndiye mzee wa kanisa ninayesimamia kikundi cha sifa. Msimu wa mvua, wakati majani yanakua kwa haraka na kila shamba linahitaji mikono, kijana wetu wa kinanda hakuja mazoezi Jumamosi. Jumapili akafika tumeshaanza, viatu vina matope, macho mekundu. Wimbo wa kwanza akakosea sauti mara mbili. Nikashika maikrofoni. Nikasema mbele ya kanisa lote kwamba mtu akicheza na madhabahu ya Bwana atapata yaliyompata Uza. Watu wengine walisema amina. Kijana hakujibu kitu. Alizima kinanda, akakifunika na kitambaa chake, akaenda kukaa nyuma. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja.

Ndugu zangu, nilimtaja Uza bila kusoma habari za Uza vizuri. Hebu tusome pamoja sasa.

1. Kabla ya wimbo kulikuwa na mzigo

Tukisikia neno Mlawi, tunaona mtu aliyevaa kitani nzuri ameshika kinubi. Lakini ukifungua Hesabu 4 hukuti kinubi hata kimoja. Unakuta mizigo. Lawi alikuwa na wana watatu, Gershoni, Kohathi na Merari, na kila ukoo ulipewa kitu cha kubeba hema lilipohamishwa jangwani. Wagershoni walibeba mapazia na vifuniko. Wamerari walibeba mbao, nguzo na vikalio vyake. Wakohathi walibeba vyombo vitakatifu vyenyewe, likiwemo sanduku la agano.

Tena angalia Hesabu 7. Magari ya ng'ombe yalipoletwa, Musa aliwapa Wagershoni magari 2 na ng'ombe 4. Wamerari wenye mbao nzito wakapata magari 4 na ng'ombe 8. Wakohathi hawakupata hata gari moja, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya mabegani. Watu wa huku tunaielewa. Ukibeba kikapu cha majani kutoka bondeni hadi kwenye kituo cha kununulia, kamba inakuambia kilo ni ngapi kabla ya mzani.

Miaka mingi ikapita. Sanduku likapata mahali pa kukaa Yerusalemu, na Daudi akasema Walawi hawana haja tena ya kubeba hema wala vyombo vyake (1 Nya 23:26). Je, waende nyumbani? Hapana. Wakapewa kazi nyingine: kusimama kila asubuhi na kila jioni kumshukuru na kumsifu Bwana. Waongoza nyimbo watatu wakatoka katika koo zile zile tatu. Hemani alikuwa wa Kohathi, Asafu wa Gershoni, na Ethani wa Merari (1 Nya 6:31-48).

Mnaona hilo? Mabega yaliyobeba mbao ndiyo yaliyopewa wimbo. Kuimba hekaluni ilikuwa kazi ya mzigo, kwa niaba ya taifa zima. Anayeimba mbele ya kanisa amebeba kitu, hata kama sisi tulioketi tunaona amesimama tu.

2. Wimbo mtamu haukumwokoa Uza

Sasa Uza. Mara ya kwanza Daudi alipotaka kulileta sanduku Yerusalemu (1 Nya 13), muziki ulikuwepo wa kutosha. Vinubi vilikuwepo, vinanda, matari, matoazi na tarumbeta. Watu walicheza mbele za Mungu kwa nguvu zao zote. Nafikiri hata sisi Wapentekoste tungesema hapo pana upako.

Lakini sanduku liliwekwa juu ya gari jipya. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono kulishika, akafa. Sherehe ikaisha. Sanduku likakaa miezi 3 nyumbani kwa Obed-edomu.

Kosa lilianza wapi? Katika sura ya 15 Daudi mwenyewe analieleza. Aliwaambia Walawi kwamba mara ya kwanza hawakumtafuta Mungu kwa utaratibu uliowekwa. Sanduku lilitakiwa kubebwa mabegani na wana wa Kohathi, na viongozi waliona gari litarahisisha mambo. Mimi nilimtaja Uza kumtisha kijana, kumbe Daudi alipochunguza msiba ule hakuanza na mpiga kinubi. Alianza na mpango wa viongozi, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Mara ya pili mambo yalipangwa. Makuhani na Walawi wakajitakasa. Sanduku likawekwa mabegani. Waimbaji wakachaguliwa kwa majina, na Kenania akawekwa kuongoza kwa sababu alikuwa stadi. Ndipo wakaimba, na safari hii walifika.

3. Kuhani na mwimbaji, kila mtu na sehemu yake

Walawi wote walikuwa wa kabila moja, ila makuhani walikuwa wana wa Haruni peke yao. Kuhani ndiye aliyekaribia madhabahu, akanyunyiza damu, akachoma dhabihu, akafukiza uvumba, akawabariki watu. Hata katika vyombo kulikuwa na mgawanyo. Tarumbeta mbili za fedha ambazo Musa aliagizwa kutengeneza (Hesabu 10) zilipigwa na makuhani. Vinubi, vinanda na matoazi vilikuwa vya Walawi.

Hapa nieleze neno moja. Biblia yetu ikisema kinanda, usione kile cha umeme. Ni chombo cha nyuzi, ndugu mkubwa wa kinubi. Na kinubi cha Israeli si kitu kigeni kabisa huku kwetu. Wazee wetu wa Kipsigis walikuwa na chepkong'o, chombo cha nyuzi chenye mikono miwili na mti uliopita juu. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba huku chombo hicho kikipigwa, na sauti zile zinasikilizwa mpaka leo. Ukitaka kumwonyesha mtoto wako Asafu alishika kitu cha namna gani, chepkong'o kitamsaidia kuliko kile kinanda chetu cha madhabahuni.

Wazee hao pia walijua kwamba ibada ina watu waliowekwa. Jina Kapkoros, ambalo sasa ni jina la mahali huko Bomet, linatokana na mahali pa sadaka, ambapo wazee walioitwa tisiik waliongoza maombi na watu wakaitikia. Sisemi turudi huko, tumeokolewa na tunaye Kuhani Mkuu mmoja, Yesu. Nasema tu kwamba babu zetu wasingeshangaa kusoma Mambo ya Nyakati. Wangeelewa upesi kwa nini mmoja anasimama, mwingine anaitikia, na hakuna anayejituma.

Kuhani na mwimbaji walikutana wapi? Soma 2 Mambo ya Nyakati 29. Hezekia amefungua tena hekalu lililokuwa limefungwa. Walawi wamesimama na vyombo vya Daudi, makuhani na tarumbeta. Hawaanzi kuimba wakati wowote wanaotaka. Sadaka ya kuteketezwa ilipoanza, wimbo ukaanza. Uliendelea mpaka sadaka ilipomalizika. Muziki ulipakana na madhabahu, moto na wimbo vikaenda pamoja.

Hiyo ndiyo sababu nabii Amosi (5:21-24) angeweza kusema Mungu amechoka na kelele za nyimbo. Dhabihu na nyimbo zilikuwepo, lakini maskini alikuwa anakandamizwa na haki haikuwepo. Mungu hakuwa na shida na vinubi. Alikuwa na shida na maisha ya wenye vinubi na ya wale waliokaa wakiburudika navyo.

4. Walifundishwa, na walikuwa na zamu

1 Mambo ya Nyakati 23 inahesabu Walawi 38,000 wa miaka 30 na zaidi. Kati yao 24,000 walisimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 walikuwa maofisa na waamuzi, 4,000 walikuwa mabawabu, na 4,000 walimsifu Bwana kwa vyombo. Angalieni vizuri: mabawabu 4,000 na wapiga vyombo 4,000. Anayefungua mlango na anayepiga kinubi wamehesabiwa sawa.

Sura ya 25 inatuletea waliofundishwa, waliokuwa stadi. Ni 288. Asafu alikuwa na wana 4 katika kazi hii, Yeduthuni 6, Hemani 14. Jumla 24. Kila mmoja na kundi lake wakawa watu 12. Piga hesabu, 24 mara 12 ni 288. Na zamu zao zilikuwa 24 kama zamu za makuhani katika sura ya 24. Mpangilio ulifanywa kwa kura, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi, bila kupendelea mtu. Hemani anaitwa pia mwonaji wa mfalme, na kazi yao inaelezwa kuwa ni kutabiri kwa vinubi. Kwa hiyo hawakuwa watu wa kuwachangamsha wasikilizaji kabla mhubiri hajafika. Neno la Mungu lilipita kwao.

Wayahudi waliandika baadaye katika Mishna kwamba kwenye jukwaa la hekalu Walawi waimbaji hawakupungua 12. Wanasema pia watoto wa Walawi waliruhusiwa kusimama chini, karibu na miguu ya wakubwa, waongeze utamu wa sauti. Mtoto alijifunza wimbo akiwa chini ya baba yake, kabla siku yake haijafika.

Sasa tulinganishe na sisi. Israeli ilikuwa na zamu 24. Sisi tulikuwa na kijana mmoja. Jumapili 52 kwa mwaka, ibada mbili kila Jumapili. Ongeza kesha la Ijumaa, harusi, mazishi, mikutano ya hadhara, na mkutano wa akina mama. Hakuna aliyekuwa anafundishwa chini yake. Hakuna mtoto aliyesimama karibu na miguu yake. Nilimlaumu kwa kukosa Jumamosi moja, nami sikuwahi kumpa Jumamosi moja ya kupumzika kwa miaka 4.

5. Je, mwimbaji alikula nini?

Hili ndilo swali ambalo hatupendi kuuliza kanisani.

Kabila la Lawi halikupewa urithi wa mashamba kama makabila mengine. Hesabu 18 inasema fungu lao ni zaka ya Israeli, kwa ajili ya kazi wanayoifanya katika hema. Na wao walitoa zaka ya ile zaka. Kwa hiyo mwimbaji naye alikuwa mtoaji, hakuwa mtu wa kupokea tu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 9:33 tunaambiwa waimbaji walikaa katika vyumba vya hekalu, wameachiliwa kazi nyingine, kwa maana walikuwa kazini mchana na usiku.

Baada ya uhamisho mpango huu ulirudishwa. Nehemia 12:47 inasema Israeli wote walitoa mafungu ya waimbaji na mabawabu, kila siku kwa haja yake. Kisha Nehemia akaondoka kwenda kwa mfalme. Aliporudi akakuta mambo mawili.

La kwanza, chumba kikubwa cha hekalu, kile cha kuwekea sadaka na zaka, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia. Tobia alikuwa adui wa kazi, lakini alikuwa na uhusiano na kuhani, na vyombo vyake vya nyumbani vilikuwa vimejaa mahali pa chakula cha Walawi. La pili, mafungu ya Walawi yalikuwa hayatolewi, na Walawi na waimbaji waliofanya kazi wakawa wamekimbia, kila mtu shambani kwake.

Nilisoma mstari huo usiku wa Jumapili ya pili kijana hayupo. Neno shambani lilinikaa moyoni. Sikulala vizuri.

Hebu tuangalie Nehemia alifanya nini, hatua kwa hatua. Hakuwakaripia waimbaji. Soma tena, hakuna neno moja la kuwakemea. Aliwagombeza wakuu, akiwauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kisha akawakusanya waimbaji, akawarudisha mahali pao. Ndipo Yuda wote wakaleta zaka za nafaka, divai na mafuta. Mwisho akaweka watunza hazina wanne wenye kuaminika, kuhani mmoja, mwandishi mmoja na wengine wawili, wagawe kwa ndugu zao. Vyombo vya Tobia alikuwa ameshavitupa nje.

Mimi nilifanya kinyume. Nilimkemea mwimbaji na nikawaacha wakuu, na mkuu mmojawapo ni mimi.

Nilichokikuta shambani

Niwaambie kilichotokea kabla ya usiku ule. Jumapili ya kwanza bila kinanda tulikaa kimya kidogo, hatujui nani aanze. Ndipo Kogo mmoja wa safu ya mbele, mnamjua nyote, akaanzisha pambio la Kipsigis kwa makofi tu. Kanisa likaitikia. Roho wa Bwana alitutembelea siku ile, watu wakalia. Nami nikasimama nikasema kwa kujigamba: mmeona, Mungu hahitaji kinanda!

Baada ya ibada Kogo akaniita kando. Akaniambia, "Mwanangu, ni kweli Mungu hahitaji kinanda. Lakini wewe, yule mtoto humhitaji?"

Sikuwa na jibu. Baada ya kusoma Nehemia, asubuhi yake nikaenda kwao. Mama yake akanielekeza bondeni. Nikamkuta kwenye majani ya jirani, kikapu mgongoni, anachuna. Nikamsalimia, akaniitikia kwa heshima. Nikamuuliza ile Jumamosi alikuwa wapi.

"Mzee, nilikuwa kituoni. Mvua iliharibu barabara, lori la majani likafika saa tano usiku. Siwezi kuacha majani ya mtu kabla hayajapimwa."

Mnajua kwamba alikuwa na kazi katika shamba kubwa. Mashine za kuchuna zilipokuja, kazi nyingi za mikono zilikwisha, na yake ilikuwa mojawapo. Tangu hapo anachunia watu kwa kilo. Siku ya kuchuna akikosa, hakuna kitu. Na nauli ya kuja mazoezi, kwa miaka ile yote, alijilipia. Kwenye harusi tulimpa soda na sahani ya chakula. Kwenye makesha tulimpa shukrani.

Nikamuuliza kama ameacha wokovu. Akacheka kidogo. "Sijaacha Mungu, mzee. Nilichoka. Na siku ile ulinitaja na mtu aliyekufa."

Nikashika majani nikaanza kuchuna naye, mawili na kichipukizi, kama marehemu baba alivyonifundisha tulipokuwa tunaishi kambi ya wafanyakazi. Tulichuna mpaka saa sita. Nilimwomba msamaha pale pale. Lakini nilijua haitoshi, kwa sababu makosa niliyafanya mbele ya watu. Jumapili iliyofuata niliomba msamaha mbele ya watu wale wale. Yeye alikuwa amekaa nyuma. Alikaa nyuma Jumapili tatu zaidi, na hatukumlazimisha.

Tulichoamua kama kanisa

Baraza la wazee lilikaa. Hatukuamua kuajiri wanamuziki. Kanisa letu ni dogo, wengi wetu tunangoja malipo ya majani ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Tena tumeona hatari ya upande wa pili: mpiga kinanda anayetafuta kanisa lenye kulipa zaidi, anaondoka kabla ya mahubiri, na hajui hata somo lilikuwa nini. Huyo naye ameachanisha wimbo na madhabahu. Mlawi alilishwa kwa sababu alitumika. Hakutumika kwa mnada.

Lakini tuliamua mambo manne, na yote tuliyatoa katika masomo haya. Nauli na chakula cha wanaotumika vitatoka katika mfuko wa kanisa, na watu wawili wanaoaminika wataandika kila shilingi. Harusi au tukio lolote la nje likiita wanamuziki wetu, mwenye tukio ataambiwa mapema sehemu yake ya kuwashukuru. Vijana watatu, wawili wao wasichana, wameanza kufundishwa kinanda, na zamu imebandikwa mlangoni. Hemani alikuwa na binti 3 pamoja na wana 14, na Maandiko yamewahesabu. Mwisho, Jumapili moja kila mwezi tutaimba bila vyombo, Kogo na wenzake wakiongoza, ili watoto wetu wajue mapambio hayo kabla wazee hawajaondoka.

Jumapili ya nne kijana aliamka mwenyewe kutoka nyuma, akaondoa kitambaa juu ya kinanda. Sasa anapiga Jumapili mbili kwa mwezi. Zile nyingine anakaa na mama yake, anasikiliza neno. Ameniambia ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusikia mahubiri bila kuwaza wimbo wa mwisho utaanzia sauti gani.

Wewe je?

Mpendwa msomaji, usiseme somo hili ni la wanamuziki. Petro anatuambia sisi sote tuliomwamini Kristo ni ukuhani (1 Petro 2:9). Basi wote tuna madhabahu. Na Waebrania 13 ina mistari miwili iliyoketi pamoja, wa 15 na wa 16. Wa kwanza unasema tumtolee Mungu dhabihu ya sifa, tunda la midomo yetu. Wa pili unasema tusisahau kutenda mema na kushirikiana, kwa sababu dhabihu za namna hiyo zinampendeza Mungu. Sisi tumeukariri wa kwanza tukauacha wa pili. Tumeinua mikono kwa wimbo, na aliyeupiga wimbo akarudi nyumbani kwa miguu na njaa.

Angalia pia chumba chako cha hazina. Inawezekana mahali pa fungu la Mungu pamejaa vyombo vya Tobia, vitu ambavyo uliviruhusu kwa sababu ya urafiki au uhusiano na mtu. Anza kuvitoa leo.

Na kama wewe ni mtumishi uliyechoka, uliyerudi shambani kimya kimya, nakuambia kwa niaba ya wakuu: nafasi yako haijapewa mtu mwingine. Rudi hata kwa kukaa nyuma kwanza.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Kabla ya kupewa vinubi, Walawi walibeba nini? Hilo linatufundisha nini kuhusu kuchagua waimbaji?
2. Katika 1 Nya 13 muziki ulikuwepo. Kwa nini safari haikufika?
3. Nani katika kanisa letu anabeba kazi peke yake bila zamu? Tajeni hata wafagiaji, mabawabu na walimu wa watoto.
4. Nehemia alimkemea nani, na akamkusanya nani? Nyumbani kwako huwa unaanza na nani?
5. Kuna mtu uliyemwaibisha mbele ya watu? Utamwomba msamaha wapi?

Tuombe

Baba, utusamehe tulipofurahia wimbo tukamsahau mwimbaji. Utufundishe kubeba mzigo pamoja. Warudishe waliochoka, uwape mabega mapya, na kazi ya mikono yao shambani uibariki. Sifa zetu ziende pamoja na matendo yetu mbele zako. Katika jina la Yesu, amina.